Kijiji cha Laxton na somo la mashamba ya vipande

Kwa Mhariri,

Majuma machache yaliyopita mlichapisha barua ya msomaji aliyeshikilia kwamba kilimo cha Uingereza kilianza kupiga hatua siku wakulima wake walipoacha kulima vipande vilivyotawanyika, kila mmoja akapata shamba lake moja na kulizungushia ua, na kwamba wazee wetu wa eneo la Mlima Kenya walipolazimishwa kuunganisha vipande vyao katika miaka ya 1950 walitendewa wema ambao hawakuutambua. Simlaumu hata kidogo. Hayo aliyoyaandika ndiyo niliyoyafundisha mimi mwenyewe katika somo la historia kwa miaka 27, nikayaandika ubaoni, nikayatungia maswali ya mtihani na kuwapa alama wale walioyarudisha kama nilivyoyatoa. Ninaandika kwa sababu nimekiona kwa macho yangu kijiji ambacho, kwa mujibu wa mafunzo hayo, hakikupaswa kuwapo tena, na tangu nikione sijatulia.

Kijiji chenyewe kinaitwa Laxton. Kipo katika kaunti ya Nottinghamshire, upande wa mashariki wa maeneo ya kati ya Uingereza, na wakazi wake ni watu wapatao 250 tu, idadi ambayo kwetu haifikishi hata wanafunzi wa shule moja ya msingi. Nilifika huko mwishoni mwa Novemba nilipokwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika kaunti hiyo. Yeye ndiye aliyekumbuka jina la kijiji kutokana na masomo yangu ya mezani alipokuwa mdogo, na akaniuliza kama ningependa kupaona mahali ambapo mashamba wazi, yaani makonde ya vipande yasiyo na ua, bado yanalimwa. Nilimwambia kwamba mashamba wazi yalikwisha zamani. Akanipeleka.

Mtu aliyezoea picha za vitabuni, ambamo nyumba ya mkulima wa Kiingereza husimama peke yake katikati ya shamba lake, hushangazwa kwanza na nyumba zenyewe. Nyumba za wakulima wa Laxton zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji, ghala za nafaka zikiwa ubavuni, na kanisa la parokia, la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, likiwa katikati yao. Walikaa hivyo kwa sababu shamba la mtu halikuwa mahali pamoja. Nje ya kijiji yapo makonde makubwa matatu yasiyo na ua ndani yake: konde la Kusini, konde la Magharibi na konde la Kinu, jumla yake ekari zisizofika 500. Kila konde limegawanywa vipande virefu, na kila mkulima ana vipande katika makonde yote matatu, vikiwa vimechanganyika na vya jirani zake. Konde moja hupandwa ngano wakati wa kuelekea majira ya baridi, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua kama vile shayiri, njegere au maharagwe, na la tatu hulazwa au kuachiwa nyasi za malisho. Mwaka unaofuata zamu huhama. Kwa kuwa kila mtu ana sehemu katika kila konde, hakuna anayekosa ngano mwaka wowote, na hakuna anayeweza kupanda apendavyo katika konde ambalo zamu yake ni kupumzika.

Utaratibu huo unasimamiwa na wakulima wenyewe kupitia mahakama ya kijiji iitwayo Court Leet, na nilibahatika kufika siku ya ukaguzi, ambayo ni Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Jopo la wakulima walioapishwa hupanda trela linalokokotwa na trekta wakaenda hadi konde lililotoka kupandwa ngano. Mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito mwekundu unaong'ang'ania kiatu hadi unyanyue mguu kwa nguvu. Kwa mtu aliyezaliwa Nyeri rangi ile ilikuwa kama salamu kutoka nyumbani. Waliteremka na kutembea mwisho wa kila kipande, pale plau inapogeuzia, wakiangalia kama mwenye kipande amelima akavuka mpaka na kuingia katika kingo za nyasi ambazo wao huziita sykes, au akaimega barabara ya wote, au akaacha mtaro wake uzibe. Mzee mmoja mwenye koti lililochakaa alisimama, akakunja jicho moja, akalinganisha kigingi cha mwaka wa nyuma na kigingi cha mbali, kisha akasogea upande wa kushoto kiasi cha nyayo mbili na kuonyesha kwa kidole. Kijana akaweka kigingi kipya cha mbao mahali hapo na kukigongomea kwa nyundo nzito, huku mwenye kipande, ambaye naye alikuwa katika jopo, akitazama bila kusema neno. Mwingine akaandika katika daftari.

Nimeshuhudia wapima ardhi wakifanya kazi, nimeshuhudia pia majirani wakitishiana kwa panga kwa sababu ya mpaka wa upana usiozidi hatua moja, lakini sikuwahi kuona mpaka ukirekebishwa namna ile, mchana kweupe, na watu wanaolima upande huu na upande ule, bila askari na bila wakili. Aliyevuka mpaka hutozwa faini, na jopo ndilo linalopendekeza kiasi. Juma linalofuata mahakama hukutana katika mkahawa wa kijiji uitwao Dovecote Inn, msimamizi akiwa ameketi mbele, faini zinasomwa, na jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya konde litakalopandwa ngano mwaka ujao. Bunge la Uingereza lilipoziondolea nguvu mahakama za kale za namna hii kwa sheria ya mwaka 1977, mahakama ya Laxton iliachiwa mamlaka yake. Mamlaka hayo inayo hadi leo.

Sasa nirudi kwenye ubao wangu. Wanafunzi wetu, wanapofikia mapinduzi ya kilimo ya Uingereza, hufundishwa kasoro za mfumo wa mashamba wazi: ardhi nyingi ilipotea kwa vijia, konde moja lililazwa kila mwaka, magugu ya mzembe yalivamia kipande cha mwenye bidii, mifugo iliambukizana magonjwa kwa kulishwa pamoja, muda uliishia njiani, na asiyekubaliana na wenzake hakuweza kujaribu zao jipya. Baada ya kasoro hizo hufuata ua, na baada ya ua hufuata Jethro Tull na mashine yake ya kupandia mbegu, Lord Townshend na mzunguko wa mimea minne, na Robert Bakewell na uzalishaji wa kondoo bora. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba ua ndio uliowazaa wengine wote. Hakuna mahali anapoulizwa ni nani aliyeziandika kasoro hizo kwa mara ya kwanza, wala alikuwa na maslahi gani.

Jibu ni kwamba nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa wakiitetea sheria ya ua mbele ya Bunge. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 Bunge hilo lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia mashamba na malisho ya pamoja ua, zikahusu ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi ya England. Mtetezi mashuhuri kuliko wote alikuwa Arthur Young, katibu wa Bodi ya Kilimo iliyoundwa mwaka 1793, na jina lake limo katika vitabu vyetu kama mweneza maarifa mapya. Ambalo halimo ni kwamba mwaka 1801, baada ya kuzunguka vijijini na kuona hali ya maskini waliokuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha katika malisho ya wote, mtu huyo huyo aliandika kwamba katika sheria 19 kati ya kila 20 za namna hiyo maskini wamedhurika. Nilimtaja Young darasani kwa miaka 27 na sikulitaja hilo hata siku moja, kwa kuwa sikulijua. Linaniuma.

Laxton iliponea wapi? Si kwamba ilikuwa mahali patakatifu ambapo tamaa haikufika. Kitabu cha hesabu cha mfalme William cha mwaka 1086 kinaonyesha kwamba kabla ya uvamizi wa Wanormani mahali hapo palikuwa pa mtu aitwaye Tochi, kisha akapewa Geoffrey Alselin, mmoja wa watu waliofaidika na ushindi huo, na miongoni mwa walioorodheshwa pamoja na majembe na misitu walikuwamo watumwa. Katika karne ya 12 ilijengwa ngome ya ukoo wa de Caux kaskazini ya kijiji. Kilima chake cha kutengenezwa kwa mikono bado kimesimama, kimeota nyasi, na mtu akipanda juu yake huona makonde yote. Ndani ya kanisa zimelala sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham uliofuata, na moja kati yao, ya mwanamke, imechongwa kwa mti wa mwaloni badala ya jiwe. Niliigusa ukingoni. Mti umekauka na kupasuka kufuata nyuzi zake, uso umesuguliwa na karne nyingi hadi pua haipo, lakini mikunjo ya vazi inaonekana kana kwamba fundi ameiacha jana. Wenye ngome walilazwa kanisani kwa heshima na waliolima makonde walizikwa nje bila alama, na majina yao yalianza kuandikwa kwa utaratibu tu baada ya mwaka 1538, pale Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, alipoamuru kila parokia iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko.

Aliyetuachia ushahidi mkubwa kuliko wote ni mwinyi wa kijiji ambaye shughuli zake zilikuwa mbali. Sir William Courten alikuwa mfanyabiashara wa London, mtoto wa wakimbizi kutoka Flanders. Mwaka 1627 ndiye aliyegharamia kupelekwa kwa walowezi wa kwanza wa Kiingereza katika kisiwa cha Barbados, kisiwa ambacho baadaye kiligeuka jehanamu ya Waafrika waliotumikishwa katika miwa. Mwaka 1635 alikuwa nyuma ya kundi la wafanyabiashara lililopewa na mfalme Charles wa Kwanza ruhusa ya kufanya biashara katika Bahari ya Hindi kwa kushindana na kampuni iliyokuwa na haki hiyo peke yake, na kundi hilo baada ya kifo chake lilijaribu kuweka makazi katika ghuba ya St Augustine huko Madagaska katika miaka ya 1640, yakashindwa. Mwaka huo huo wa 1635 alimtuma mpima ardhi Mark Pierce achore ramani ya Laxton, mali aliyokuwa ameinunua, pamoja na kitabu cha kuorodhesha kila kipande, ukubwa wake na jina la anayekilima. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Nakala yake nimeiona, na nilikaa mbele yake hadi binti yangu akanikumbusha saa: vipande maelfu vyembamba kama mistari ya mkeka, na katikati yake watu wadogo waliochorwa kwa rangi wakilima kwa plau, wakivuna na kuchunga.

Ramani hiyo hainionyeshi fujo. Kila kipande kina mtu, kila kingo ina jina, malisho yanajulikana ni ya nani na kwa mifugo mingapi. Wanaosema kwamba vipande vilivyotawanyika ni dalili ya watu wasiojua mpaka hawajaona kazi inayohitajika ili vipande hivyo vikae mahali pake kizazi hadi kizazi.

Ua ulifika Laxton pia, isipokuwa haukumaliza kazi. Konde la nne, la Mashariki, pamoja na sehemu za makonde mengine na malisho ya pamoja, yalizungushiwa ua kwa nyakati tofauti. Yaliyobaki yalisalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na wenye ardhi wakubwa hawakuafikiana kwa muda mrefu, hadi wakati ukapita. Mapema katika karne ya 20 mwenye mali, Earl Manvers, alipunguza idadi ya vipande na kuvifanya vikubwa zaidi ili vilimike kwa zana mpya. Kwa hiyo vipande nilivyovikanyaga ni vipana kuliko vile vya ramani ya mwaka 1635, na ingekuwa udanganyifu kumwambia msomaji kwamba Laxton ni kijiji kisichobadilika. Kilibadilika kila kizazi. Lakini konde lilibaki konde, zamu ikabaki zamu, na jopo likaendelea kutoka na vigingi vyake kila Novemba.

Nafika sasa kwenye tarehe iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1952 Earl Manvers aliamua kuuza, na hofu ikawa kwamba mnunuzi angeunganisha vipande na kuumaliza mfumo. Aliyenunua alikuwa Wizara ya Kilimo ya serikali ya Uingereza, na ilinunua kwa ahadi ya kuuhifadhi mfumo wa mashamba wazi. Mwaka 1981 mali hiyo ikahamishiwa kwa taasisi inayosimamia ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, na tangu mwaka 1952 hadi leo ahadi ile imeheshimiwa. Mwaka 2020 mali hiyo iliuzwa tena, kwa shirika la ardhi la Thoresby, ambalo linatokana na ukoo ule ule wa Manvers, na makonde bado yanalimwa kwa zamu.

Wasomaji wenu hawahitaji kukumbushwa jambo jingine la mwaka 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, ulichapishwa mpango wa afisa wa kilimo Roger Swynnerton, ambao shabaha yake mojawapo ilikuwa kuviondoa vipande vilivyotawanyika vya wakulima Waafrika, kuviunganisha kuwa shamba moja na kumpa mwenyewe hatimiliki. Mpango huo ulieleza wazi kwamba Waafrika wenye uwezo, bidii au mali wangejipatia ardhi zaidi, na wakulima wabaya au maskini wangepata kidogo, likazuka tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Sababu zilizotolewa dhidi ya vipande vyetu zilikuwa zile zile zilizokuwa ubaoni kwangu: muda unaopotea njiani, mipaka inayopoteza ardhi, mtu kushindwa kupanda zao jipya. Serikali ile ile, London, ilikuwa imetoa fedha ya umma miaka miwili tu kabla ili vipande vya wakulima wa Nottinghamshire visiguswe, kwa kuvitambua kuwa urithi wa taifa.

Najua zipo hoja za kujibu hilo. Laxton ni kijiji kimoja, kilichohifadhiwa kama kumbukumbu baada ya nchi nzima kuwa imekwisha kubadilika, ilhali hapa kilichokusudiwa kilikuwa sera ya eneo zima. Watu wetu pia waliongezeka, vipande vikazidi kukatwa kwa urithi, na wapo waliopata kahawa na maziwa kutokana na shamba lililounganishwa, nikiwamo mimi niliyesomeshwa kwa kahawa. Sikatai lolote kati ya hayo. Ninachokataa ni kuwaambia watoto kwamba vipande vilikuwa ujinga.

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa na mahali patatu pa kulima. Juu ya mgongo wa kilima alipanda viazi vitamu na maharagwe, mteremkoni mahindi na njahi, na chini kabisa, mtoni, alikuwa na nduma, migomba na miwa. Mvua ikikosekana, mgongo wa kilima hukauka lakini mtoni hubaki maji. Mvua ikizidi, nduma huoza lakini juu hupona. Mwanauchumi Deirdre McCloskey ameandika, akizungumzia vijiji vya Uingereza vya zama za kati, kwamba kutawanya vipande kulikuwa bima ya mkulima dhidi ya mwaka mbaya, na niliposoma hayo nilimwona nyanya yangu akipandisha kilima na nduma mgongoni. Babu alikuwa kizuizini wakati kamati ilipokuja kupima. Nyanya, ambaye kama zaidi ya watu milioni moja wengine alikuwa amehamishiwa katika kijiji cha hali ya hatari, aliambiwa kwamba vipande vyake vimejumlishwa na amepewa shamba moja. Lilikuwa mgongoni mwa kilima, ukubwa ulikuwa karibu na ule wa zamani katika karatasi, na halikuwa na mto. Hakuwahi kupanda nduma tena. Aliponunua sokoni alizipekua moja moja kwa muda mrefu, akarudisha nyingine, na muuzaji akadhani anapunguza bei.

Tofauti kubwa kati ya mambo haya mawili, kwa jinsi ninavyoyaona mimi, ni nani aliyekuwapo pale kigingi kilipogongomewa. Laxton mwenye kipande husimama karibu na kigingi, na anayempimia ni jirani ambaye mwakani atapimiwa na yeye. Kwetu aliyekuwa kizuizini hakuwapo, aliyekuwa kijijini chini ya ulinzi hakuwa na sauti, na aliyekuwapo alipata. Mizozo ya mipaka inayojaza mahakama zetu za ardhi hadi sasa, ambamo watu wanazeeka wakisubiri hukumu, ina mizizi mingi na hiyo ni mmojawapo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linatekelezeka, hasa wakati huu ambapo mitaala inaandikwa upya. Pale wanafunzi wanapofundishwa mfumo wa mashamba wazi, wafundishwe pia jinsi ulivyoendeshwa: zamu za makonde, mahakama ya kijiji, ukaguzi wa mipaka, haki ya malisho ya mtu asiye na kitu. Waambiwe kwamba bado unaendeshwa, na waambiwe ni wapi. Waisome hesabu ya sheria za Bunge na maneno ya Arthur Young ya mwaka 1801 sambamba na sifa zake. Na mwalimu anapofika katika mpango wa mwaka 1954, awekee darasa lake tarehe mbili ubaoni, ya ununuzi wa Laxton na ya mpango huo, kisha awaache wanafunzi wazungumze. Kazi ya nyumbani iwe kumuuliza mzee aliye hai ni wapi familia yake ililima kabla ya mashamba kuunganishwa, na kuchora mahali hapo. Wazee wanaojua majibu wana umri wa miaka 80 na zaidi, na kila muhula unaopita unatupunguzia idadi yao.

Msomaji aliyeandika barua ile ya kwanza, akiridhia, ningependa tukutane naye. Naishi umbali wa kutembea kutoka mahali alipotaja kuwa kwao, na mto aliotakiwa kupakana nao nyanya yangu unapita chini ya shamba lao kama nimeelewa vizuri maelezo yake. Nimeambatanisha picha mbili kwa matumizi ya gazeti mkiona zinafaa: moja ni ya kigingi kipya katika udongo mwekundu wa konde la ngano la Laxton, kikiwa bado na magome, na nyingine ni ya ukurasa wa daftari la nyanya yangu, mahali alipochora kwa penseli vipande vyake vitatu ili asivisahau.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Nyeri.